Thairoidi na leptini: dalili zinafanana, chanzo si kimoja

Mtu akinenepa bila kujua sababu, akichoka toka asubuhi, akisikia baridi wakati wenzake wanajipepea, siku hizi jibu la kwanza analopewa ni "kapime thairoidi". Ushauri mzuri, kapime kweli. Shida inaanza majibu yakirudi. Unakuta TSH (homoni ya ubongo inayoisukuma thairoidi, ndo inayopimwa kwanza) iko sawa lakini dalili zipo, au TSH imepanda kidogo ukaanzishiwa vidonge na mwaka umepita kilo ziko palepale, au wewe ni mwembamba kabisa unaejinyima kula na una dalili zote za thairoidi kulegea ila daktari anakwambia tezi yako nzima. Hapo inabidi ujue kuna homoni nyingine inaongea na thairoidi kila siku, inaitwa leptini, na swali linalosaidia zaidi linakuwa hili: nani kaiambia thairoidi ipunguze kasi?

Kwanza mfumo wenyewe, nitaenda haraka

Thairoidi ni ile tezi ya mbele ya shingo, chini ya koromeo. Inatoa homoni mbili, T4 kwa wingi (ile iliyo huru kwenye damu ndo maabara wanaiita T4 huru) na T3 kidogo, halafu T4 inageuzwa kuwa T3 huko kwenye ini, figo, misuli na ubongo, na T3 ndo yenye nguvu, ndo inaamua mwili uchome chakula kwa kasi gani, moyo upige vipi, joto liwe kiasi gani. Ila tezi haijiamulii. Kwenye ubongo kuna haipothalamasi inayotoa TRH, TRH inaiamsha pituitari (tezi ndogo chini ya ubongo), pituitari inatoa TSH, na TSH ndo inaisukuma thairoidi. Homoni zikitosha kwenye damu ubongo unapunguza TSH. Kwa hiyo kwa kawaida TSH ikiwa juu ni ubongo unaisukuma tezi iliyolegea, na ikiwa chini kabisa ni homoni zimezidi.

Leptini inatoka kwenye mafuta ya mwili. Jeni yake ilipatikana 1994, na timu ya Jeffrey Friedman pale Rockefeller University, New York. Kazi yake ni kama ya mtunza ghala anaepeleka ripoti juu: mafuta yakiwa mengi leptini inakuwa nyingi, yakipungua nayo inashuka, na haipothalamasi ikiona imeshuka inaelewa kuwa njaa imeingia. Sasa seli zilezile zinazotoa TRH zinaisikiliza leptini. Leptini ikishuka, TRH inashuka, TSH inakosa nguvu ya kusukuma, T3 inapungua, mwili unaanza kubana matumizi. Mwaka 1996 watafiti walionyesha hili kwa panya: walionyimwa chakula homoni zao za thairoidi ziliporomoka, lakini waliochomwa leptini katikati ya njaa hiyohiyo hazikuporomoka vile. Njaa ileile, tumbo tupu lilelile, ila ubongo haukupata habari ya njaa.

Ukishika hilo, hizi dalili zinaanza kueleweka. Tafuta inayofanana na ya kwako.

Unanenepa, umechoka, choo kigumu, ngozi kavu, TSH juu na T4 huru chini

Hii ndo thairoidi yenyewe, usizungukezunguke. Sababu kubwa sehemu zenye madini joto ya kutosha ni ugonjwa wa Hashimoto, ambapo kinga ya mwili inaishambulia tezi, na kipimo cha kingamwili za TPO kinaonyesha. Sababu nyingine ni tezi kukatwa kwa operesheni, kutibiwa kwa madini joto yenye mionzi, dawa kama lithiamu (ya akili) na amiodaroni (ya moyo), au uvimbe wa tezi unaokuja ndani ya mwaka mmoja baada ya kujifungua (huu wa baada ya kujifungua watu wengi wanaubatiza uchovu wa kulea na mama anateseka bure).

Tiba ni levothairoksini, inafanya kazi vizuri, ianze. Ila naomba usikilize hapa kwenye uzito maana ndo watu wanavunjika moyo. Thairoidi ikilegea, kilo inazoongeza zenyewe huwa ni kama 2 hadi 5 kwa wengi, na sehemu kubwa ni chumvi na maji yaliyoganda mwilini, mafuta ni kidogo. Kwa hiyo ukianza dawa utapungua hizo, uso utapungua kuvimba, nguvu zitarudi, lakini kama umeongezeka kilo 20 au 30 sehemu kubwa ya hizo haijaletwa na tezi na dawa haitaziondoa. Sisemi hivi kukulaumu, nasema ili usikae unasubiri kidonge kifanye kazi ambayo si yake huku muda unaenda.

Umenenepa sana, TSH imepanda kidogo tu, T4 huru iko sawa

Kiwango cha kawaida cha TSH kwa mtu mzima maabara nyingi wanaweka kama 0.4 hadi 4.0, zinatofautiana kidogo. Wewe umetoka na 5 au 6, T4 huru nzuri, na uzito ni mkubwa. Watu wengi wanasoma hivi: thairoidi imelegea, ndo maana nimenenepa. Mara nyingi inaenda kinyume, yaani unene ndo umeipandisha TSH. Mafuta mengi yanatoa leptini nyingi, inadhaniwa leptini nyingi inaichochea haipothalamasi itoe TRH, TSH inasogea juu kidogo. Na ushahidi mzuri ni kwamba watu wa namna hii wakipunguza uzito TSH inashuka yenyewe bila dawa ya thairoidi.

Utajuaje yako ni ipi? Rudia kipimo baada ya miezi 2 au 3, maana TSH inapandishwa pia na kupona kutoka ugonjwa mwingine, kukosa usingizi, hata muda wa kutoa damu (usiku na alfajiri huwa juu, mchana inashuka). Pima na kingamwili za TPO. Zikiwepo, tezi yako inashambuliwa na inaweza kulegea kabisa huko mbele, kwa hiyo ufuatiliwe kila mwaka au dawa ianze kutegemea dalili. Zisipokuwepo na T4 huru iko sawa, mimi naona haraka ya dawa haina faida, weka nguvu kwenye uzito wenyewe. TSH ikivuka 10 hapo mjadala unabadilika, madaktari wengi wataanza dawa. Na kama una mimba au unatafuta mtoto usisubiri hiyo miezi, mwone daktari sasa hivi, kwa sababu mtoto tumboni anategemea homoni za mama hasa miezi ya mwanzo.

Umepungua kilo kwa dayati kali, sasa unaganda kwa baridi, nywele zinatoka, hedhi imepotea

Hii nataka nikae nayo maana ndo inayosahaulika kuliko zote, na wanaopata ni watu wanaojitahidi sana, wanaofuata dayati bila kuteleza, wakimbiaji, wachezaji, mabinti wanaokula saladi na kwenda jim mara mbili kwa siku. Anakuja na mapigo ya moyo ya polepole, mikono baridi, choo hakitoki, mood imeshuka, mizani imegoma kabisa kushuka hata akipunguza zaidi. Anapima, TSH kawaida au iko upande wa chini, T4 huru kawaida au chini kidogo, T3 iko chini. Anaambiwa uko sawa. Lakini hajisikii sawa na ana haki ya kusema hivyo.

Kinachotokea ni kwamba leptini haisubiri mafuta yaishe. Ukipunguza chakula ghafla inaporomoka ndani ya siku 2 au 3, kabla hata mizani haijasema kitu cha maana. Ubongo unasikia njaa, unapunguza TRH, na huko nje ya ubongo T4 nayo inageuzwa zaidi kuwa T3 ya kinyume, ile isiyofanya kazi, badala ya T3 yenyewe. Ndo maana TSH haipandi: kiwanda kizima kimeshushwa kutoka ofisini, tezi haina kosa. Wakati huohuo leptini ikishuka inanyamazisha na homoni zinazoendesha ovari, hedhi inakata, na hedhi ikikata muda mrefu mifupa inaanza kupoteza nguvu. Kwa hiyo baridi, hedhi na mzunguko wa nywele vyote vinatoka sehemu moja.

Kwamba leptini ndo kiungo, ilionekana kwa watu pia. Kuna utafiti wa 2004 wa wanawake ambao hedhi ilikata kwa mazoezi makali au uzito mdogo, walipochomwa leptini baadhi yao yai likaanza kutoka tena na homoni za thairoidi zikapanda. Na watu waliopunguza asilimia 10 ya uzito wao, T3 na T4 zikashuka, waliporudishiwa leptini kwa kiwango walichokuwa nacho kabla ya kupungua, zile homoni zikarudi juu.

Ufanyeje? Hedhi ikikata kwanza pima mimba, tafadhali, hata kama una uhakika, halafu daktari aangalie prolaktini (homoni ya maziwa) na homoni nyingine. Ikibaki kuwa ni njaa, dawa ni chakula. Ongeza kiasi, usiogope wanga, punguza mazoezi, lala. Mwili hauamini siku moja, inachukua wiki hadi miezi, na hedhi huwa inachelewa kurudi kuliko joto na nguvu. Kama bado una uzito wa kupunguza, pungua polepole na weka vipindi vya kula kwa kiasi cha kutunza uzito bila kupungua.

Usinunue T3 mtaani au mtandaoni ili "kuamsha metaboli". Mwili umeshusha T3 kwa makusudi ili usichome misuli na akiba iliyobaki, ukiipandisha kwa nguvu huku huli unakula misuli yako, moyo unaenda mbio na unaweza kupiga ovyo, mifupa inazidi kupungua. Na kama kula kumekuwa hofu, unajitapisha, unajificha, au umekonda kupita kiasi, hilo linahitaji hospitali, na usijaribu kujirudisha nyumbani kwa kula sana kwa ghafla, maana mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukijazwa chakula haraka madini ya damu yanaweza kuyumba vibaya hadi moyo ukaathirika.

Picha hiyohiyo ya T3 chini na TSH isiyopanda inatokea kwa mtu aliyelazwa na ugonjwa mkubwa. Apone kwanza ndo thairoidi ipimwe, isipokuwa kama daktari anashuku kitu kingine.

Unatumia levothairoksini, TSH haishuki

Kabla hujasema dozi ndogo, angalia unavyoimeza. Inatakiwa tumbo tupu, na maji matupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya kula. Kahawa inaizuia, soya inaizuia, kalsiamu, vidonge vya chuma na dawa za kiungulia zinaizuia, kalsiamu na chuma viachanishe nayo kwa saa 4. Asubuhi ikikushinda meza usiku, saa 3 au zaidi baada ya mlo wa mwisho, mradi iwe hivyohivyo kila siku. Tumbo lenyewe linaweza kuwa shida, mfano bakteria wa vidonda vya tumbo au ugonjwa wa siliaki (utumbo kudhurika na gluteni ya ngano), hapo kidonge kinapita bila kunyonywa vizuri. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni na ujauzito vinaongeza mahitaji ya dozi.

Kuna na hili la kusahau vidonge wiki nzima halafu kumeza kwa bidii siku chache kabla ya kipimo. Majibu yanatoka ya ajabu, TSH juu na T4 huru nzuri au juu, daktari anachanganyikiwa. Mwambie tu ukweli, hakuna daktari mzuri atakaekugombeza kwa hilo. T4 inapungua nusu mwilini kwa kama siku 7, ndo maana ukibadilisha dozi au hata kampuni ya kidonge unarudia kipimo baada ya wiki 6 hadi 8, ukipima wiki ya pili unapima hewa.

TSH imekaa sawa na dawa, bado kilo na uchovu

Hapa majaribu ni kuomba dozi iongezwe mpaka mwili uchangamke. Ikizidishwa TSH inazama, na huko chini kuna moyo kupiga bila mpangilio na mifupa kuwa dhaifu, hasa ukiwa na umri mkubwa. Kwa hiyo tezi iache, angalia kwingine.

Kwenye kilo, leptini ina maelezo. Mtu mwenye mafuta mengi hakosi leptini, anayo nyingi mno, ila upande wa hamu ya kula ubongo umeacha kuisikia inavyopaswa, hamu haizimwi. Akijitahidi akapungua, leptini inashuka chini ya ile aliyoizoea, ubongo unasoma njaa, hamu inapanda, mwili unatumia nishati kidogo kuliko mtu mwingine wa uzito uleule ambae hakuwahi kunenepa. Ndo maana kilo zinarudi, na wanaosema ni uvivu wanawaonea watu. Siku hizi kuna dawa za kupunguza uzito zinazofanya kazi kwenye hamu ya kula, zungumza na daktari, ila ukiwa kwenye levothairoksini na ukapungua sana dozi yako inaweza kuhitaji kupunguzwa, usiache kupima.

Kwenye uchovu pima wingi wa damu na feritini (akiba ya chuma), B12 (Hashimoto inapenda kutembea na magonjwa mengine ya kinga, pamoja na lile linalozuia B12 kunyonywa), sukari, angalia usingizi. Kama unakoroma na unaambiwa unakata pumzi usiku, hilo peke yake linatosha kukufanya uamke umechoka kila siku. Na sonona, tusiione aibu kuitaja.

Unakula sana na unakonda, moyo mbio, mikono inatetemeka

Huo ni upande wa pili, thairoidi imezidi, sababu kubwa ikiwa ugonjwa wa Graves (kinga ya mwili inaichochea tezi kupita kiasi) au vinundu kwenye tezi. TSH inakuwa karibu na sifuri, T4 au T3 juu. Pima na sukari, kwa sababu kula sana na kukonda ni dalili ya kisukari pia. Hapa mwili unachoma kuliko unavyokula, mafuta na misuli vinaisha, na ubongo unadai chakula. Ukitibiwa hamu ya kula huwa inachelewa kushuka wakati kasi ya kuchoma imeshashuka, kwa hiyo wengi wanarudisha kilo na kuzidisha, daktari akikuonya mapema inasaidia kupanga mlo.

Ukiwa kwenye kabimazoli au methimazoli (dawa za kushusha thairoidi iliyozidi) ukapata homa na koo kuuma, acha kidonge na nenda ukapimwe chembe nyeupe za damu siku hiyohiyo. Na homa kali, moyo mbio mno, kuchanganyikiwa na kutapika kwa mtu mwenye thairoidi iliyozidi ni emajensi.

Majibu hayaendani kabisa na unavyojisikia

Unatumia biotini ya nywele na kucha? Aina nyingi za vipimo vya homoni zinadanganywa na biotini, inaweza kuonyesha TSH chini na T4 juu, ukaonekana una Graves wakati huna. Iache siku 2 au 3 kabla ya damu, ukiwa unatumia dozi kubwa sana muulize daktari maana itahitaji muda zaidi. Halafu kuna pituitari kuharibika, ambapo T4 huru iko chini kabisa lakini TSH inaonekana kawaida, kwa sababu anaetoa TSH ndo mgonjwa. Ukipimwa TSH peke yake hii inapita bila kuonekana, kwa hiyo kama una maumivu ya kichwa yasiyoisha, macho yanaona kama upande umefungwa, hedhi imekata au maziwa yanatoka bila kunyonyesha, omba T4 huru ipimwe pamoja.

Je, nipime leptini?

Kwa karibu kila mtu anaesoma hapa, hapana. Namba yake itakwambia una mafuta mengi au machache, kitu ambacho mizani na kioo vimeshasema, na haitabadilisha tiba yako ya thairoidi. Tafiti zilizopima leptini kwa wagonjwa wa thairoidi zimepishana, wengine ilikuwa juu, wengine chini, wengine sawa, sababu kubwa ikiwa mafuta ya mwili yenyewe yanabadilika. Saplimenti za leptini pia achana nazo. Leptini ni protini, ukiimeza tumbo linaimeng'enya kama nyama. Ile inayofanya kazi ni ya sindano, metreleptini, na Marekani iliidhinishwa 2014 kwa watu wenye lipodistrofi, yaani mwili uliokosa tishu ya mafuta, sio kwa unene wa kawaida.

Wapo wachache ambao kuipima kunabadilisha maisha. Mtoto anaezaliwa na uzito wa kawaida halafu ndani ya miezi ya mwanzo anaanza kunenepa kwa kasi ya kutisha, njaa haimtoki, analia chakula dakika chache baada ya kula, anaiba chakula akikua. Mwaka 1997 watafiti wa Cambridge, Uingereza walieleza watoto wawili wa ukoo mmoja ambao walikuwa hawana leptini kabisa kwa sababu ya jeni, na alipoanza kuchomwa leptini kila siku mtoto wa kwanza kutibiwa, hamu ya kula ilitulia na uzito ukashuka. Ni nadra sana, ila mtoto wa namna hiyo asipimwe TSH tu akarudishwa nyumbani na wazazi kuambiwa wapunguze chakula. Apelekwe kwa daktari wa homoni za watoto, apimwe leptini na jeni, na hasa kama wazazi wana undugu wa damu wamwambie daktari hilo siku ya kwanza.